Nguchiro na Machozi ya Mama

Hapo zamani za kale, wanangu, huko Bara Hindi, wanyama walipokuwa na falme na majiko yao kama sisi, palikuwa na nchi iliyoitwa Bhalupuri. Mfalme wake, dubu mzee, alimwapia ndugu yake wa kunyonya, Chui Milia, kwamba lolote atakaloomba atapewa. Kiapo cha kipumbavu kile! Mfalme alipofariki, Chui Milia akaja kudai.

“Nataka kiti cha enzi,” akasema. “Na mwanawe, Dubu, atoke nchini miaka kumi na miwili.”

Wazee waliguna, lakini kiapo ni kiapo. Wakaongeza sharti moja. Siku ya mwisho Chui Milia aruhusiwe kumtafuta Dubu. Akimshika na kumtaja jina kabla ya jua kuzama, Dubu aanze upya miaka kumi na miwili mingine. Lakini akimshika asiye yeye, avue taji, aende msituni mwenyewe. Na nafasi ni moja tu!

Dubu hakubisha. “Baba aliapa,” alisema, akafunga kibunda chake akaondoka.

Alipofika mtoni alisikia kwichi, kwichi, nyuma yake. Nani huyo? Nguchiro! Yule mdogo aliyeokotwa na mama yake Dubu angali mchanga, wakalelewa nyumba moja, wakala sinia moja.

“Rudi, mdogo wangu. Wewe hukufukuzwa.”

“Nirudi nikale na nani, kaka?” Nguchiro akajibu, naye akawa ameshavuka maji.

Miaka ikapita ya jua na mvua. Mwaka wa mwisho wakajificha katika jiko la Mfalme Nyati wa nchi jirani, Dubu akiwa mpishi. Pale wapishi wote hujifunga vitambaa usoni na kujitanda magunia kwa ajili ya moshi na cheche, usijue yupi ni yupi. Nguchiro alikaa juu kwenye rafu ya viungo, kimya.

Siku ya mwisho, alasiri, mlango ukafunguliwa, pwaa! Akaingia Chui Milia. Na mkononi amemshika nani? Mama! Mama mwenyewe, amekonda, mvi zimemjaa. Nguchiro alitaka kuruka chini amkumbatie. Akajiuma ulimi.

“Nimesikia mpishi wako mmoja ndiye ninayemtafuta,” Chui Milia akamwambia Nyati.

“Basi mshike,” Nyati akasema. “Sharti unalijua. Mmoja tu.”

“Sina haja ya kuwatazama wapishi. Nitamtazama shemeji yangu huyu. Hakuna mama atakayemwona mwanawe baada ya miaka kumi na miwili macho yake yakabaki makavu. Haya, shemeji, tembea!”

Mama akatembea. Chui Milia akamfuata pembeni, pua yake karibu na shavu la mama, hapepesi jicho. Huko juu Nguchiro akajibanza nyuma ya kapu la pilipili.

Dubu alijua mama amekuja. Alijikaza asigeuke. Lakini mkono una mazoea yake jamani! Alikuwa akikoroga mchuzi kwa mkono wa kushoto, na kila mizunguko mitatu aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria. Ko! Hivyo ndivyo mama alivyomfundisha utotoni.

Ko!

Mama akasimama. Macho yakamjaa.

“Ahaa!” Chui Milia akanguruma. “Machozi! Ya nani hayo, shemeji?” Akaanza kugeuza kichwa kufuata mama anakotazama.

Nguchiro hakungoja. Alitia bega kwenye kapu la pilipili kavu, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Kapu likapinduka, pilipili zote zikaangukia kwenye karai la mafuta ya moto.

Chwaaaa!

Moshi ukapanda. “Chya! Chya! Kohoo! Kohoo!” Wapishi wakalia, watumishi wakalia, Nyati akapiga chafya mpaka vifuniko vya sufuria vikaruka. Chui Milia alifumba macho, machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni.

“Shemeji! Kohoo! Sema! Unamlilia nani?”

“Hata wewe unalia, shemeji,” mama akamjibu, huku yeye analia waziwazi, kwa raha, kilio chake cha miaka yote ile. “Nawe umemwona mwanao?”

Nyati akachungulia dirishani. “Jua limegusa mlima, Chui Milia! Shika, au uache!”

Chui Milia akababaika. Haoni, hasikii ila kikohozi. Akaona kivuli kinene mbele yake, akarukia.

“Dubu!” akapiga kelele.

Kitambaa kikaanguka.

“Mimi Nguruwe, bwana,” kivuli kikasema. “Kazi yangu kukanda unga.”

Nyati akanyoosha kwato. “Taji. Weka hapo.”

Chui Milia akaliweka, akatoka bila kuaga, kuelekea msituni.

Dubu akajivua gunia, mama akamwangukia kifuani. Nguchiro alibaki palepale rafuni, ameinamisha kichwa. Yeye hakufukuzwa na mtu, alijiondokea mwenyewe. Nani basi angekuwa amemngoja?

“Na wewe huko juu, shuka!” mama akaita.

Akashuka taratibu. Mama akamkamata sikio.

“Miaka kumi na miwili! Hata kuniaga hukuniaga! Kila siku nilipakua sahani mbili, nikaziangalia zikipoa. Mbili, umesikia?”

Nguchiro akamng'ang'ania mama. Akajificha mapajani mwa mama akalia kama mtoto mchanga.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayekufuata siku ulipopoteza kila kitu, huyo ni ndugu yako, awe amezaliwa na nani.