Bi Kindi Awachagulia Wageni Msimu

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo hata faru alibisha hodi kabla ya kuingia kwa mtu, Bi Kindi aliishi na wanawe wanne kwenye kisiwa kidogo kilichoitwa Kidundu. Utajiri wake ulikuwa mizambarau. Zambarau zilipoiva wakati wa kaskazi, alizianika na kuziweka akiba, na hizo ndizo zilizowalisha watoto mwaka mzima.

Kidundu kulifikika kwa miguu. Mara mbili kwa mwezi, bamvua lilipofika, maji yalikupwa mbali mpaka njia ya mchanga ikaonekana. Bamvua likipita, hakuna njia tena. Aliye huku abaki huku, aliye kule abaki kule.

Siku moja, vuli ikiwa ukingoni, Bi Kindi alivuka kwenda bara kumjulia hali shangazi yake, Bi Pimbi. Akamkuta amekaa kizingitini, shamba lote limefumuliwa.

"Shangazi! Kumepita nini hapa?"

"Wageni, mwanangu. Bwana Faru na shemeji yake, Nguruwe. Walisema wamekuja kupumzika."

"Si husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Wewe ungempa faru jembe?"

Kabla Bi Kindi hajajibu, gudu! gudu! gudu! Ardhi ikatikisika.

"Hodi humu! Ahaa, mwenye kisiwa huyu hapa!" alisema Faru, Nguruwe nyuma yake. "Bara tumelichoka. Zamu hii tunataka kupumzika kwako."

Bi Kindi aliwaona kwa fikra wanawe wakilala njaa mwaka mzima. Aliogopa kwelikweli. Lakini kwao kumkataa mgeni ni aibu isiyofutika, hata mgeni awe faru.

"Karibuni sana," alisema.

"Ila mimi si wa kukurupuka," alisema Faru. "Nataka kuujua msimu mzuri. Nasikia wengi husifu kaskazi."

"Kaskazi!" Bi Kindi akashika kichwa. "Na huo mgongo wako usio na hata unywele? Mchanga unawaka, bwana wangu!"

"Basi lini?"

"Njooni masika."

"Masika?" Faru akainamisha pembe, akitaka kujua zaidi. "Kunakuwa na umati?"

"Hakuna hata mmoja. Kisiwa kizima chenu."

"Jua je?"

"Mnaweza kukaa wiki nzima msilione."

"Maji ya kuoga?"

"Hamyatafuti. Yanawafuata mlipo."

"Na ngoma? Mimi bila ngoma sipumziki."

"Vyura huanza magharibi, hawanyamazi mpaka alfajiri."

"Tutapokewa na nani?"

"Wako wenyeji wadogo wadogo, tele. Watawaimbia mpaka masikioni."

Faru akacheka, he he he! Lakini Nguruwe mambo ya tumbo hayakuwahi kumpita.

"Na zambarau?" aliuliza.

Mkia wa Bi Kindi ukasimama wima.

"Bwana wangu," akasema taratibu, "masika yote mimi na wanangu hatuonji hata moja kisiwani pale. Zote mtakazozikuta ni zenu."

"Zote!" Nguruwe akaruka. "Umesikia, shemeji? Zote!"

Sasa niambieni, hapo pana uongo? Mimi nimeutafuta, sijauona.

Basi kaskazi ikaja, zambarau zikaiva, zikaanikwa. Bi Kindi akazihamishia kwa shangazi yake kwa siri, kikapu baada ya kikapu. Mawingu ya masika yalipotanda, bamvua lilipofika, Faru na Nguruwe wakashika njia ya mchanga. Katikati wakakutana na Bi Kindi, mkeka kichwani, wanawe nyuma yake.

"Mnakwenda wapi tena?" aliuliza Faru.

"Kwa shangazi. Tunawapisha, mpumzike."

"Unaiona adabu hiyo!" Faru akamwambia shemeji yake. Nguruwe alikuwa ameshatangulia mbio.

Walipofika tu, pwaa! Mvua ikashuka. Ikanyesha siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Vyura, kwoo! kwoo! Mbu, nziii! Nguruwe hupenda tope, najua mtaniambia, lakini hulipenda la kulalia, hali tope. Alizunguka mizambarau yote, akaokota kokwa moja, kavu.

"Shemeji, turudi!" akalia.

Wakakimbilia ufukweni. Bamvua limepita! Njia ya mchanga haipo, maji tupu. Wakakaa huko mpaka zikatimia siku kumi na nne, wakinyeshewa, wakitafuna majani.

Bamvua jingine lilipofika, walivuka bila hata kusubiri maji yakupwe vizuri. Bi Kindi alikuwa amesimama upande wa bara.

"Mmepumzika?" aliuliza.

Faru, uso umevimba kwa mbu, akafoka. "Wewe! Ulisema hakuna umati!"

"Mlimkuta nani?"

"Hatukumkuta mtu."

"Jua mliliona?"

"Hatukuliona."

"Na ngoma?"

Faru akaziba masikio. Kila alichoahidiwa alikuwa amekipata.

"Twende zetu, shemeji!" alisema Nguruwe, meno yakigongana. "Kama huu ndio msimu wao mzuri, huo mbaya ukoje? Mimi Kidundu sikanyagi tena!"

Wakaenda zao, wala hawakugeuka nyuma. Kila walipopita wakawaambia wanyama wote wenye matumbo makubwa wasithubutu kwenda Kidundu. Watoto wa Bi Kindi hawajapata kulala njaa.

Nanyi, wanangu, mtu akikusifia msimu wa kwao, mwulize kwanza yeye mwenyewe huwa wapi msimu huo.