Katazo la Juu

"Katazo la juu halisikii ruhusa ya chini." Mnacheka? Chekeni tu, meno ni yenu. Nyinyi mnaojifunza ufundi wa mtandao mmewasikia mafundi wakisema hivyo mkadhani ni maneno ya kupigia soga. Basi tulieni niwaambie methali hii ilianzaje, maana haikuanza kwa kicheko.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu, ambayo jina lake nalihifadhi, palikuwa na fundi wa mtandao aitwaye Tusekile. Binti mwenye adabu hasa, mkubwa akisema yeye husubiri amalize. Mkuu wake, Mzee Kajuni, alimpenda kwa hilo.

Asubuhi moja kirusi kiliingia kwenye kompyuta za maabara. Mzee Kajuni akaamuru, "Chochote kinachotoka maabara kizuiwe, kisije kikaenea." Tusekile akaiandika amri hiyo kwenye ruta, ile mashine inayokaa njia panda ya mtandao na kuamua kipi kipite na kipi kikome. Kisha akakumbuka kwamba majibu ya damu ya wagonjwa hutoka maabara kwenda chumba cha upasuaji. Akaomba ruhusa, mzee akakubali. Akaongeza amri nyingine: majibu ya damu yapite.

Aliiandika wapi? Chini ya amri ya mkuu wake. Alijua vyema kwamba ruta husoma kuanzia juu, na ikikuta amri inayohusika huitekeleza papo hapo, haiendelei kusoma. Alijua, jamani! Lakini mkono wake ulilelewa kabla haujasomeshwa, na kwao neno la mdogo hukaa chini ya neno la mkubwa. Hata hakufikiri.

Mchana wa siku hiyo hiyo mdogo wake, Atupele, akaletwa kujifungua. Mtoto alitolewa kwa upasuaji akiwa salama, lakini mama akawa anavuja damu, haikomi. Ile damu ya akiba inayomfaa kila mtu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo ilibidi kwanza kundi la damu yake lijulikane. Tusekile alisimama mlangoni, kanga ya mdogo wake mkononi.

Muuguzi akatoka. "Maabara wamelala? Majibu hayaji, na simu yao haiiti!"

Simu nazo zilipita mtandaoni humo humo. Tusekile akavuka barabara mbio mpaka maabara.

"Majibu ya Atupele yako wapi?"

"Mbona tulishatuma, dada? Tena kitambo." Mpimaji akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kilisema: yametumwa.

Hapo akaelewa. Yalikuwa yamekomea kwenye ruta. "Niandikie kwenye karatasi," akasema. "Haraka, kaka yangu, niandikie!"

Alirudi na kile kikaratasi amekishika kwa mikono miwili. Daktari alikuwa amekwisha kuvua glavu.

Msibani, Mzee Kajuni alikuja akaketi mkekani karibu naye. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa nini hukuiweka ile ruhusa juu ya katazo langu?"

"Katazo lilikuwa lako, mzee. Ningekutanguliaje?"

Mzee akajifuta uso kwa kofia yake. "Mimi ningekusikia hata ungenong'ona. Ruta haina adabu, mama. Haijui mkubwa wala mdogo."

Tusekile akatazama kule kichanga kilikokuwa kinalilia ziwa, kikipokezanwa na wanawake wasio na maziwa. Akasema, "Katazo la juu halisikii ruhusa ya chini."

Bibi mmoja akashtuka. "Astaghafiru, mjukuu wangu! Umepatwa na msiba, lakini usimkufuru aliye juu."

"Simsemi Mungu, bibi," akajibu. "Huyo hakuandika kitu. Niliandika mimi."

Waliokuwapo wakaondoka na maneno hayo, kila mtu na maana yake. Wengine mpaka leo huyasema juu ya wakubwa wasiosikia wadogo. Si vibaya, lakini sasa nyinyi mnajua yalikotoka.

Haya, Ambokile, wewe uliyecheka kuliko wenzako. Ile ruhusa ya wodi ya watoto uliyoandika leo kwenye ruta, umeiweka wapi? Unainamisha kichwa? Nenda, baba, nenda upesi ukaipandishe. Katazo la juu halisikii ruhusa ya chini.