Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana machungwa ya Muheza yalikuwa matamu vilevile na midomo ya watu ilikuwa michungu vilevile, palikuwa na bibi harusi aliyekaa chumbani na kitambaa mkononi, hajui akipeleke wapi. Jina lake Zawena. Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao. Mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mkaja. Walio wageni niwaambie. Mwanamke akijifungua hufungwa kitambaa tumboni ili tumbo lirudi. Huo ndio mkaja. Binti yake akija kuolewa, upande wa mume huleta mkaja mpya, akafungwa kiunoni yule aliyebeba taabu yake. Ni mmoja tu. Haukatwi vipande, haufungwi kwa zamu. Anayefungwa mbele ya watu ndiye mama, na kesho akipita njiani watasema, "Yule ndiye mwenye Zawena."

Basi huko uani Kwemgwashi, somo na kungwi wa Zawena, Bi Mwanakombo, akapaza sauti: "Mwenye mkaja wake asimame!"

Wakasimama wanawake wawili. Kabla vigelegele havijaisha, wa tatu akasukumwa mgongoni, naye akasimama.

Zawena alichungulia penye upenyo wa pazia. Akasema moyoni, "Yarabi, leo nimekwisha."

Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, Sauda.

Sauda alimzaa Zawena kwa uchungu mrefu, na mtoto alipotoka hakulia mpaka wakunga walipokwisha kata tamaa. Wenzake walipoketi, Zawena alianguka ubavu. Wenzake walipotambaa, Zawena alikunja ngumi. Majirani wakapata la kusema. Huyu akasema, "Mama yake alimcheka kilema akiwa na mimba." Yule akasema, "La, alivuka kaburi." Mwingine akasema, "La, hayo ni ya ukoo wa mume." Sauda akaona bora afunge mlango. Akienda shamba alimlaza mtoto ndani ya tenga, akamfunika kanga nyepesi, akapanga machungwa pembeni na juu kidogo, ili anayepita aone mavuno tu.

"Habari za shamba, Mama Zawena?"

"Njema tu, shoga."

Na mtoto yumo humo humo kichwani pa mama yake, anafyonza kipande cha chungwa, kimya. Mambo haya Zawena alikuwa mchanga mno kuyakumbuka, lakini alisimuliwa mara nyingi mpaka akayakumbuka kwa nguvu. Hata sasa, akiwa mwalimu wa chekechea na mwanamke mzima, mtu akimenya chungwa karibu yake husikia mwendo wa mama yake, ule wa taratibu wa mtu asiyetaka kitu kimwagike. Harufu hiyo humliza, na haoni haya kusema.

Wa pili alikuwa bibi yake mzaa baba, Bibi Mwanvita.

Huyu alishuka kutoka mlimani na jembe begani na mdomo wake mwenyewe. Akaingia bila hodi.

"Mkamwana, mjukuu wangu yuko wapi?"

"Amelala, mama."

"Tangu mfungo uliopita amelala?"

Akaingia chumbani, akafunua. "Loo! Mtoto anafichwa kama gongo! Polisi wanakuja?" Akamtoa mtoto nje, juani, mbele ya njia, mahali ambapo kila mpita njia lazima aone. Kisha akachimba shimo kando ya jiko, dogo, la kumfika mtoto kifuani. Akalitandika kanga kuukuu, akamketisha Zawena ndani. Huko kwao mlimani ndivyo walivyowaketisha watoto wazito wa kukaa, udongo ukawashika pande zote.

Zawena akauona ulimwengu ukiwa wima kwa mara ya kwanza. Akawaona kuku, akauona moshi, akaiona miguu ya majirani waliokuja kushangaa.

"Mnamtazama?" Bibi Mwanvita akawauliza. "Naye anawatazama. Haya, semeni sasa, anawasikia."

Wakaenda zao mmoja mmoja. Na shingo ya mtoto ikakaza, ikabeba kichwa. Ila Bibi Mwanvita naye hakuwa na kiasi. Alimwacha mtoto shimoni tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, miguu imebanana, hadi ikaanza kupishana kama mkasi.

Wa tatu hakuwa ndugu. Alikuwa Bi Eustella, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi chumba cha dawa. Sauda alisikia habari zake siku ya kupima uzito wa watoto. Akampeleka Zawena, na kwa kuwa njia ilipita mjini, akampeleka ndani ya tenga, na machungwa juu.

Bi Eustella aliinua chungwa, akainua la pili, akaona jicho. "Mama, umeniletea zawadi au mgonjwa?"

Sauda akaangua kilio. Bi Eustella hakumnyamazisha. Aliketi chini kwenye mkeka, akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Anapenda nini huyu?"

"Machungwa," Sauda akajibu kwa kwikwi.

Basi akashika chungwa, akalisogeza upande, na ile ngumi iliyokunjwa tangu kuzaliwa ikafunguka kidogo kulitaka.

"Hukumcheka mtu, mama, wala hukuvuka kaburi," akasema. "Ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo, na haiondoki, nisikudanganye. Lakini umemleta mapema. Mtoto wa umri huu ni unga uliokandwa leo. Ukingoja kesho, umekauka."

Alipokuja Kwemgwashi kuona nyumbani kwa mtoto, akalikuta shimo. "Nani anamfukia mtoto?"

"Mimi," akajibu Bibi Mwanvita. "Na wewe ni nani?"

Wakarushiana maneno mpaka uji ukaungua. Mwishowe Bi Eustella akapiga magoti, akaanza kulipanua shimo kwa mikono, ili abakishe tuta la udongo katikati, la kuitenga miguu. Bibi Mwanvita akamtazama weee, akashindwa kuvumilia. "Hebu toka huko, unachimba kama kuku!" Akachukua jembe, akalitengeneza tuta jinsi mwenzake alivyotaka, akanung'unika mpaka akamaliza. Toka siku hiyo mtoto aliketi shimoni kidogo, akatolewa, akanyooshwa miguu, akafungwa vibao vya kuishika, na kilio chake kikasikika hadi barabarani.

Hospitali ilikuwa mbali, na Sauda alianza kuchoka. Njiani akaanza kuwaona wenzake. Huyu ana mzigo usiosema, yule ana mtoto mgongoni aliyefunikwa hadi utosini kwenye jua kali. Kumbe kila mmoja alikuwa na tenga lake! Akawakusanya, wakaenda kusimama mbele ya mganga mkuu.

"Nyinyi mnajua miguu," Sauda akasema, "lakini sisi tunajua siku. Alhamisi ni gulio, kila mama anashuka. Tuleteeni mazoezi Alhamisi, pale pale kwenye zahanati yetu, muone kama hatutakuja."

Wakaletewa, wakaja.

Ah, Alhamisi zile! Zawena akizikumbuka huhisi moyo unamwagika. Baraza la zahanati limejaa mikeka, mafuta ya nazi yananukia, akina mama wanaimba ili kuzima vilio, wauza samaki wanachungulia na kushangilia mtoto akiinua shingo. Bi Eustella anapita kati yao, "Goti, mama! Mshike goti, si kifundo!" Hakuna aliyefunikwa. Zawena alisoma, akafundisha, akaposwa na fundi baiskeli anayempenda kwelikweli, lakini furaha ya barazani pale hakuipata tena mahali pengine.

Lakini sikilizeni na haya, maana hadithi haina malaika. Bi Eustella alipata nafasi ya masomo, akaondoka bila kuaga. Akina mama walifika Alhamisi, wakaketi, wakangoja mpaka gulio likavunjika. Wengine walilia. Sauda akainuka, akasema, "Tandikeni mikeka," akafundisha yeye alichokiona, Alhamisi baada ya Alhamisi. Kisha yakaja mavuno, Sauda akawa shambani kutwa, mtoto akabaki na bibi yake. Bibi Mwanvita hakuweza kusikia kile kilio. Alivifungua vibao, akavitia uvunguni, akampa mjukuu wake muwa. Sauda alipogundua, kisigino cha kushoto kilikuwa kimeinuka, na hakikushuka tena mpaka leo.

Bi Eustella akarudi baada ya masomo. Hakujitetea. Alivua viatu, akaketi mkekani, wakaanza upya.

Mpaka ikafika Alhamisi moja ya msimu wa machungwa. Zawena alikuwa amesimama akishikilia nguzo ya baraza. Mama yake akachuchumaa upande huu, bibi yake upande ule, Bi Eustella mbele kidogo, mikono imefunguliwa. "Njoo kwa mama, njoo!" "Njoo kwa bibi, njoo!" "Hatua, Zawena, hatua!" Mtoto akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama yule mwingine. Akaiachia nguzo. Akaenda, anayumba, kisigino juu, akawapita wote watatu, akaenda kuangukia tenga la machungwa lililokuwa katikati ya baraza! Lile lile alimofichwa. Gulio zima lilicheka, kisha likalia, kisha likacheka tena.

Hayo ndiyo Zawena aliyokuwa akiyawaza nyuma ya pazia. Na huko uani kumeshawaka.

"Mkaja ni wangu," akasema Bibi Mwanvita, fimbo mkononi. "Mimi ndiye niliyemtoa gizani. Nisingeshuka mlimani, mngemwoa nani leo? Tenga?"

"Na vibao, mama?" Sauda akamjibu. "Vibao ulivitia uvunguni. Kila hatua anayochechemea ni muwa wako ule. Mkaja ni wangu. Nilimbeba tumboni, nikambeba kichwani, nikamfuata Alhamisi zote. Wote mliwahi kuondoka au kuchoka. Mimi niliondoka lini?"

"Hukuondoka," bibi akasema. "Ulimfunika."

 Sauda aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Ndipo akina mama wa Alhamisi wakamsukuma tena Bi Eustella. "Sema na wewe!"

"Mimi sikuja kudai," akasema Bi Eustella. Nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na alikuwa amesafiri kutoka Bukoba kwa ajili ya siku hiyo. "Mimi nililipwa mshahara."

"Mshahara wa kuketi chini?" mmoja wao akamkatiza. "Mshahara wa kuja Alhamisi za mvua, barabara imekatika? Nani aliyemwambia Sauda kuwa hakumcheka mtu? Bila neno lile angekuwa bado amefunga mlango. Mkaja ni wa huyu!"

"Aliyetukimbia bila kwaheri?" akauliza mwingine.

"Akarudi," akajibiwa. "Nani hurudi?"

Bi Mwanakombo akachoka. "Basi! Mkaja haufungwi kwa kelele. Mwari atoke, aufunge mwenyewe anapojua."

Pazia likafunguliwa. Zawena akatoka, amepambwa, mkaja umelala mikononi. Akashuka kizingiti, kisigino cha kushoto juu. Hakuna aliyemshika, kwa kuwa alishakataa kushikwa tangu zamani.

Na wale watatu, sijui nani alianza, wakachuchumaa. Walikuwa watu wazima na nguo za harusi, wakachuchumaa mchangani kama Alhamisi ile. Bibi Mwanvita akaitupa fimbo, akafungua mikono. Bi Eustella, aliyesema hadai kitu, akajikuta anapigapiga ardhi mbele yake kwa kiganja, namna aliyokuwa akimwitia hatua. Sauda hakuita. Aliweka mikono miwili tumboni, pale mkaja unapofungwa, akamtazama mwanawe.

Zawena akafika katikati ya uwanja, akasimama. Akatazama huku, akatazama kule, akajikuta anatafuta tenga. Lakini siku ile hapakuwa na tenga. Palikuwa na viuno vitatu, mkaja mmoja, na watu wote wa Kwemgwashi wanangoja hatua yake.

Haya, mliosinzia na msiosinzia. Mmoja alimzaa, akamficha, kisha akamfuata kila Alhamisi. Mmoja alimtoa juani, kisha akamhurumia mpaka akamlemaza kisigino. Mmoja aliwafungua macho, akawaacha, akarudi. Zawena yuko hapo katikati, kisigino juu, na mkono unaanza kumchoka. Semeni, je, nani alistahili mkaja?