Kichaka Kilichonyolewa Hakizai

Mnaviona vile vitunda vya manjano vinavyoning'inia pale mlangoni kama shanga? Basi zamani kichaka kile hakikuwa navyo. Hakikuwa na tunda wala mwiba. Kilikuwa majani na vijiua vya zambarau tu, na watu walikipanda kuwa uzio ili wakinyoe.

Enzi hizo, huku kwetu milimani Upare, mkamwana alipimwa kwa uzio. Mama mkwe alipitisha kiganja juu yake, na kikikwaruzwa na kijiti kimoja tu, mke wa watu alirudishwa kwao. Ndiyo akili waliyokuwa nayo, msiniulize mimi.

Nakiete aliolewa na mtoto wa Nambua, mwanamke aliyeweza kuona kijiti kilichozidi akiwa bado kitandani. Siku moja kabla ya ugeni wa ukoo, Nakiete aliunyoa uzio wote, akabakiza tawi moja karibu na mlango.

"Wewe, uzio wangu umeota mkia?" Nambua akauliza.

"Mama, ndege shore ametaga humo. Makinda yakiruka nitalikata."

"Kwani shore ndiye aliyekuoa? Kesho wageni wasilikute hilo tawi. Ama liondoke, ama uondoke wewe."

Nakiete alifunga mzigo wake, akauweka chini ya tawi, akaukalia. Kukata, hakukata. Mwanamke yule alikuwa na shingo ngumu!

Asubuhi Nambua akaja na mundu mwenyewe. Alipolishika tawi, kichaka kilichonyolewa miaka yote kimya kikachomoza miiba, kikamdunga kiganja kilekile cha kupimia. Akapiga yowe. Hapohapo vijiua vya tawi lile vikajikunja, vikawa vitunda, vishada kwa vishada, hata tawi likamwinamia Nakiete begani.

Wageni walipofika walisimama njiani wakikishangaa kichaka, wasiingie.

"Nambua, nani kakitunza hiki?"

Nambua akaficha mkono nyuma. "Mkamwana wangu," akasema, na neno lilimtoka kwa shida kama jino. Kisha akamgeukia Nakiete: "Nawe ingiza mzigo wako ndani, watu watajikwaa."

Na tangu siku hiyo, kichaka hiki ukikinyoa kila mara hakikupi hata tunda moja. Ukikiachia tawi, kinakuvisha mlango. Vitunda ni vya shore. Wewe ukivila, tumbo litakufundisha. Ndiyo maana sisi tukinyoa huacha tawi moja mlangoni. Mama mkwe akitaka kulipima, na alipime. Miiba ipo.