Udi Uliokwisha Njiani

Kulikuwa na mama mmoja wa Kichina, mzee wa kutembelea fimbo. Baba yake alivuka bahari kwenda kuchimba madini ya bati nchi ya mbali, akamwacha angali tumboni, akafia huko huko. Huyu mama hakuwahi kumwona baba yake. Uzeeni akamwambia mwanawe, "Nipeleke nikamwashie udi kabla sijafa." Kwao ndiyo heshima ya mtoto kwa mzazi: unafagia kaburi, unawasha vijiti vya udi, unainama. Msininukuu vibaya, wapendwa, siwatumi mkawashe udi makaburini. Nasimulia tu.

Wakafika. Lo! Makaburi ya Wachina yalikuwa yamegeuka pori. Magugu yamempita mtu kimo, mizizi imefunika mawe, huwezi kusoma jina mpaka ufyeke. Mwana akashika panga. Akafyeka, akasoma, akasema, "Siye," akageukia jingine.

Mama akamzuia. "Wee, rudi! Umemfungulia mtu mlango, umemchungulia, halafu unaondoka bila hata kwaheri? Fagia. Mwashie kijiti."

"Mama, huyu hatumjui."

"Na yeye ana watoto wake mahali, wanamlilia."

Basi wakaenda hivyo, kaburi kwa kaburi. Ningekuwa mimi huyo mwana ningenuna, siwafichi. Jua kali, panga limekuwa butu, na udi unapungua. Mwisho akapaza sauti: "Mama, kimebaki kijiti kimoja! Tutafika kwa babu mikono mitupu!"

Mama akalitazama jiwe la mgeni lililokuwa mbele yake. Machozi yakamtoka. Kisha akakiwasha pale pale, kwa mtu asiyemjua.

Wakapenya kichaka cha mwisho, wakasimama ghafla. Mbele yao palikuwa peupe. Makaburi yamefagiwa, na juu ya kila moja pana karatasi iliyobanwa kwa kokoto, kama wafanyavyo Wachina kuonyesha kwamba kaburi limetembelewa. Mwana akasogea, akainama kusoma.

"Mama. Ni yeye."

Na chini ya jiwe la baba wa mama palikuwa na majivu ya udi, mapya kabisa.

"Nani amekuja?" mama akauliza. "Ndugu yetu yupi?"

"Hatuna ndugu huku, mama." Akamwonyesha njia iliyofyekwa kutokea lango la upande wa pili, kaburi kwa kaburi, vile vile kama yao. Kuna mtu aliingia kumtafuta mzee wake mwenyewe, na hakumruka huyu. Mama akapiga magoti.

Wapendwa, mimi nikifika hapo nywele zinanisimama. Mungu wetu ni wa namna gani? Sisi tunaingia wodini kumwona mgonjwa wetu, tunapita vitanda vyote bila hata salamu. Uji wetu ni wa mgonjwa wetu. Tunapiga magoti: Bwana, bariki watoto wangu, amina, tumemaliza!

Nikuulize wewe uliyeketi hapo. Mwanao yuko mji wa mbali. Leo asubuhi ameamka wodini na homa, hawezi kuinuka, na wewe huna habari. Unadhani ni nani aliyemwinua kichwa, akamnywesha maji? Ni mtu aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine.