Mama Aliyeshuka Kinyumenyume

Mama mmoja alikuwa na mfereji wa kuutunza na magoti mawili yasiyotaka tena kumpeleka huko. Jina lake Namkunda, ila kijijini kwao, kwenye mteremko wa mlima, wote walimwita Mama Mbonea kwa jina la mwanawe. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mfereji, na alipofariki watu walimwambia mjane, wewe ndiye uliyekuwa ukifuatana naye, basi endelea. Akaendelea miaka arobaini. Kila baada ya mvua alipanda hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kisha akayafuata mpaka shamba la mwisho bondeni, akiziba kila panapovuja. Saa nne asubuhi alikuwa ameshafika kwake, anachambua maharage.

Lilianza kuugua goti la kulia. Akawa anauegemea mguu wa kushoto, nao ukafanya kazi ya miguu miwili mpaka ukachoka. Daktari alimweleza vizuri, bila kumtisha: ile gegedu laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa imelika kwa umri na kwa mizigo, na sasa mifupa inasagana. Akampa dawa ya maumivu, akamwambia, "Mama, tembea. Kidogo kidogo, lakini tembea. Ukikaa tu, miguu itazidi kuishiwa nguvu." Mbonea alikuwa amekaa papo hapo, na maneno hayo hakuyasikia. Alisikia tu kwamba goti limelika.

Mbonea alimpenda mama yake, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Alimnunulia kiti chenye mikono, akakiweka barazani, akasema, "Umeshatembea vya kutosha, mama. Pumzika." Maji aliletewa. Chai aliletewa. Hata akitaka kufukuza kuku, mkwewe, mke wa Mbonea, aliwahi mbele. Miezi minane, jamani! Mapaja yakanywea. Asubuhi akiamka magoti yalikuwa yamekaza kabisa, ikambidi ashike nguzo kwanza, avute pumzi, ndipo hatua ya kwanza itoke. Hatua zenyewe zikawa fupi, za kuyumba, hatua za mtu anayeiogopa ardhi aliyozaliwa juu yake. Mtu unaweza kumfunga kwa kamba, na unaweza kumfunga kwa huruma, na ya pili ni ngumu zaidi kufungua kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Mwaka huo huo maji yakaanza kupungua bondeni. Juu kwenye banio yalikuwa tele, chini yakafika kama mate. Vijana wa kamati ya mfereji waliukagua mara tatu. Walichokonoa kingo kwa fimbo, wakaingiza mikono kwenye matope, wasione tundu. Wakasema mlima umeyanywa. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na mahindi yakifika hapo hayana subira. Kikao kikakaa Jumamosi, kikaamua: Jumanne banio lifungwe, mfereji uachwe ufe, na kaya ishirini za bondeni zitafute ardhi kwingine. Moja ya kaya hizo ilikuwa ya Mama Mbonea, na kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Jumatatu kulipokucha mama akashika nguzo, akasubiri magoti yalegee, akachukua fimbo.

"Mama, unaenda wapi?" Mbonea akauliza.

"Kwenye banio."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka nikienda," akasema, akatoka.

Alipanda kwa barabara, akisimama kila baada ya hatua kumi, na Mbonea nyuma yake akinung'unika njia nzima. Kupanda kuliuma, lakini kulivumilika. Vijana wa kamati walikuwa wameshafika banioni na majembe yao, wanajiandaa kulifunga kesho yake. Mama akawaamkua, akayatazama maji, kisha akaanza kuyafuata, na vijana wakafuatana naye.

Sasa sikilizeni vizuri. Katikati ya safari kuna genge, mteremko mkali wa mwamba. Hapo mfereji unapita juu ya ukuta mrefu wa mawe, mwembamba hata mtu hapiti, kwa hiyo njia inauacha na kuteremka kwa ngazi zilizojengwa kwenye uso wa ukuta huo huo. Na desturi yao tangu enzi za mababu ni moja: mfereji hukaguliwa kwa kufuata maji. Unapanda kwa barabara, unashuka na maji. Kuyakabili maji yanayokujia ni kukosa adabu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupanda ngazi zile. Wote waliteremka wakitazama bonde, na bonde ni zuri, na ukuta ukabaki mgongoni.

Mama Mbonea akafika kwenye ngazi, akateremsha mguu wa kulia. Goti likakataa. Ninyi wenye magoti haya mnajua: kupanda ni kazi, kushuka ni adhabu, maana uzito wote wa mwili unaliangukia goti lililokunjwa. Akajaribu kwa mguu wa kushoto, nao ukatetemeka. Akasimama pale mkaguzi wa miaka arobaini, machozi yakimlenga kwa aibu, mbele ya vijana aliowapokea siku walipozaliwa. Kisha akapiga moyo konde. Akaligeuzia bonde mgongo, akashika mawe kwa mikono miwili, akaanza kushuka kinyumenyume, kama mtu anayeteremka kutoka darini.

Juu vijana wakaangua kicheko. "Mama Mbonea, njia iko huku!" Mbonea akainamisha uso.

Lakini mama alikuwa hawasikii tena. Ukuta ulikuwa mbele ya pua yake, na alikuwa hajawahi kuuona. Mungu wangu, mawe yale! Yamepangwa bila saruji, bila udongo, jiwe limeshika jiwe, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala. Nani aliyapandisha huku? Kwa magoti ya nani? Miaka arobaini alikuwa amepita juu ya migongo ya watu hawa, akila mahindi yao, asijue hata kwamba wapo. Akalaza kiganja juu ya jiwe moja kwa heshima, kama unavyomshika mzee mkono. Akateremka ngazi nyingine, na nyingine, polepole, akimsalimu kila mmoja.

Kwenye ngazi ya kumi na nne aliona majani mabichi. Wakati wote huu wa kiangazi, mlima mzima umekauka, na pale ukutani pameota kijani kibichi kabisa. Akayafunua kwa fimbo. Nyuma ya majani hayo maji yalikuwa yakitoka kimya kimya kati ya mawe mawili, manene kama mkono wa mtu, yakiingia papo hapo kwenye ufa wa mwamba na kupotelea ardhini bila kulowesha hata kokoto moja chini.

Akainua uso. Wale wa juu walikuwa bado wanacheka.

"Wanangu," akasema, "njooni muone. Lakini shukeni kama mimi."

Wakatazamana. Kisha vijana saba wenye miguu mizima wakaligeuzia bonde migongo yao, wakashuka kinyumenyume, mmoja mmoja, na Mbonea wa mwisho. Kicheko kiliishia kwenye ngazi ya tatu. Kufika ya kumi na nne, walikuwa wamevua kofia.

Waliziba kwa mawe na mfinyanzi, na jioni ya Jumanne maji yaliingia shamba la mwisho. Goti halikupona. Msije mkatoka hapa mkasema nimewafundisha kwamba kuumwa ni kuzuri. Kuumwa ni kuumwa, na mama yule alikandwa magoti kwa maji ya moto wiki nzima. Nami sina mengi ya kuongeza. Nawauliza tu ninyi mnaoshuka mbio kila siku, mkisifu uzuri wa bonde: hao waliowabeba mpaka mkafika hapa mlipo, mmewahi hata mara moja kuwageuzia uso?