Jozi ya Sita ya Ndala

Wapendwa, amani iwe kwenu. Mwenyekiti kanipa dakika kumi na kanionya nisizigeuze kuwa mdahalo. Nitajitahidi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi na mumewe na watoto watatu kwenye mtaa wa mlimani, ule ambao upepo ukija hauji mikono mitupu, unakuja na bati la mtu. Binti yao wa mwisho, wa miaka mitano, alikuwa na kitabu kimoja tu cha picha. Hadithi yenyewe fupi: dhoruba inakuja, familia ya watu watano inaingia ndani, inafunga mlango, inakumbatiana, jua linatoka. Basi. Mama alikuwa akimsomea mbiombio huku anachambua mchele.

Ila mtoto hakujua kusoma. Yeye alikuwa anahesabu.

"Mama, watu wako watano. Mbona ndala mlangoni ziko jozi sita?"

Mama akatupa jicho. Kweli, sita. "Mchoraji kakosea, mwanangu. Fungua ukurasa mwingine."

"Hajakosea. Kuna mtu hajafika."

"Nimesema kakosea! Unamfundisha mtu mzima kazi yake?"

Yakaishia hapo. Sasa, familia hii ilikuwa haisemeshani na jirani yao, mjane mwenye mtoto mchanga. Kosa lake? Kila mvua ikinyesha, bati lake lilimwaga maji kwenye ukuta wao. Baba alishaapa mbele ya mjumbe kwamba mguu wa mwanamke yule hautavuka kizingiti chake.

Mchana mmoja ikashuka mvua ya mawe, na upepo juu yake. Ukang'oa paa zima. La nani? La jirani. Ndani, ile familia ya watu watano ikafunga mlango na kukumbatiana, kama kitabuni. Mara wakasikia, "Hodi!"

Baba akaweka kidole mdomoni. "Kimya. Atadhani hatupo."

"Mvua yote hii tumekwenda wapi?" mama akanong'ona. "Harusini?"

"Na ukuta wangu je?"

"Hodi jamani! Nina mtoto!"

Adabu yetu mnaijua: hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka, unakwenda zako. Mbili zimeshapita. Mama anamtazama baba, baba anautazama ukuta wake. Ninyi mngefanyaje? Msinijibu haraka, nawafahamu.

Hodi ya tatu haikumalizika. Yule binti alishachomoa komeo. "Karibu!"

Mwanamke akaingia anatiririka maji, mtoto kifuani, miguu mitupu. Ndala zake zilikuwa zimekwenda na maji. Binti akaitazama ile miguu, kisha akamgeukia mama yake.

"Si nilikwambia hajakosea? Ndala zake zilitangulia."

Baba akaufunga mlango nyuma yake. "Mpeni khanga kavu," akasema. "Bati limeondoka, limeondoka na kesi yake."

Sasa sisi. Sisi tunaojua kusoma. Sisi wa shahada na vitabu vya maandiko vyenye zipu. Tunasoma "familia ya Mungu" mbiombio kama mama yule na mchele wake, na picha hatuitazami. Nani kati yetu amewahi kuhesabu ndala mlangoni?

Mnamkumbuka dada yetu aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwayani. Alipopata ujauzito, kamati ilisema "apumzike kwanza." Apumzike nini, kuokoka? Na mwenzake, maana hakujipa mimba mwenyewe, tunamwona kila Jumapili kwenye kinanda, na hakuna aliyemwambia apumzishe hata kidole kimoja. Nipeni hoja. Nasubiri.

Hodi ya kwanza aliipiga kwa barua. Kamati ikaiweka kwenye faili. Ya pili alikuja mwenyewe, akasimama na mtoto mgongoni pale kwenye benchi la nyuma, na hakuna aliyesogea. Nami nilikuwa kwenye benchi hilo. Niliweka mkoba wangu mahali ambapo angekaa. Kwa hiyo msidhani nawapigia kelele ninyi peke yenu.

Ya tatu ilifika kwenye simu yangu Alhamisi. Ameandika: "Dada, Jumapili nikija, kutakuwa na nafasi?"

Hodi ya tatu, wapendwa. Baada ya hiyo mtu anageuka, na harudi tena.

Nilimjibu neno moja, na nilijibu kwa niaba yenu wote bila kuwauliza. Mwenyekiti atanisamehe. Maana nawajua watu hawa: ukuta wetu tunaupenda, lakini hatujawahi kumwona mtoto ananyeshewa tukaendelea kuimba. Na mchoraji wetu hakukosea hesabu, hata siku moja.

Yuko nje, kwenye ngazi, tangu nianze kusema. Mlango umerudishiwa tu, haukufungwa. Wewe uliyekaa karibu nao, inuka.

Na nyie wa benchi la nyuma, sogeeni.